Kitabu Kilicholindwa

Nilikuwa Bagira, mjini Bukavu, nilipokinunua kile kitabu kwa simu, kwenye duka la vitabu vya mtandaoni. Kilikuwa cha Kifaransa, cha watu wanaotunza wagonjwa wa sukari nyumbani, nami nilimfikiria mama. Vitabu vya karatasi nimeviacha kila nilipowahi kulala: Uvira, Kalemie, Kigoma. Hiki, nilijiambia, kitanifuata.

Chini kabisa ya ukurasa, baada ya sifa zote, kulikuwa na mstari mdogo: aina ya faili, herufi nisizozijua, kisha neno "protégé", yaani kimelindwa. Lilinifurahisha. Kwetu nyumba inayolindwa ina mlinzi mlangoni, na mwenyewe analala. Nikalipa.

Nilikisoma nusu. Kisha kioo cha simu kikapasuka, nikanunua simu nyingine, na jalada la kitabu likajitokeza humo lenyewe. Sikujaribu kulifungua. Nikapanda boti kwenda kisiwa cha Idjwi, ambako mama anaishi na mdogo wangu wa kike.

Asubuhi moja mama alirudi kutoka shambani akakaa kizingitini. Jasho lilimtoka, mikono ikimtetemeka. Nilipomsemesha, aliniita kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani.

"Yaya, sukari imepanda ao imeshuka?" mdogo wangu aliuliza, akiniita kama kwetu tunavyowaita wakubwa wetu.

Nilikumbuka mchoro wa kitabuni, wa mkono wenye matone ya jasho. Sikukumbuka ulikuwa upande wa kupanda au wa kushuka. Kama imeshuka, apewe sukari haraka. Kama imepanda, nitamwongezea ugonjwa kwa mkono wangu. Nikagusa jalada. Maandishi yakatokea: kitabu kinalindwa, unganisha intaneti ili simu hii ipate idhini. Mtandao ulikuwa umepotea tangu jana yake.

"Kinasema nini?"

"Niombe ruhusa."

"Kwa nani? Si ulilipa?"

"Nililipa."

"Sasa hii iko kitabu ao iko askari wa barrière pale njiani?"

Nilicheka vibaya. Nikapanda mgongo wa kilima nyuma ya nyumba, simu juu ya kichwa, nikigusa lile jalada tena na tena.

"Yaya, leka ile telefone. Mama anaanza kusinzia."

Nilishuka nikikimbia. Ndani, sindano ya dawa yake ya asubuhi, ya kushusha sukari, ilikuwa dirishani, imeshatumika. Kando yake sahani ya viazi ilikuwa bado imefunikwa. Alikuwa amejichoma dawa, akaenda kulima bila kula. Basi imeshuka, nikajiambia, wala sikuwa na uhakika. Nilikoroga chai ya sukari nyingi, nikamnywesha kidogo kidogo. Kila funda alilomeza niliona kama namuua.

Nilimshikia kikombe mpaka kikaisha. Kisha akaniangalia, akaniita jina langu.

"Hii chai iko na sukari kama ya harusi."

Niliporudi Bukavu kwenye mtandao, kitabu kilifunguka mara moja, kana kwamba hakuna kilichotokea. Mchoro ulikuwa upande wa kushuka. Niliunakili kwa kalamu, pamoja na maneno yake, nikautuma kwa boti.

"Karatasi imefika," mdogo wangu alinipigia. "Nimeibandika juu ya kopo ya sukari. Mama anauliza kama tunaweza kuisoma bila kukuomba ruhusa."

Nilisikia mama akicheka nyuma yake. Kisha mtandao ukakatika, nikabaki nimeshika simu, nikijiuliza ni vitu gani vingine vya mama nimeviweka humo.