Mama Mkwe Nyuma ya Leso

Aibu hii nimekaa nayo miaka kadhaa nikitumaini watu watachoka kuisimulia, lakini juzi tu hapa Kitale mtu ninayemjua kwa sura tu amepita kwenye duka ninalouza mbegu na dawa za mifugo, akagonga kaunta mara mbili kwa kidole, ko ko, akaenda zake akicheka, nikaona afadhali niieleze mwenyewe kabla haijazidi kutiwa chumvi (tayari kuna wanaosema nilihutubia mbuzi, na hakukuwa na mbuzi popote).

Ilikuwa miaka ile simu za mkononi zimeanza kuwafikia akina mama wa mashambani. Rafiki yetu Barasa, tuliyesoma naye, alikuwa amehamia Nairobi, amepata nyumba ya vyumba viwili mtaa wa Umoja, na kila akipiga simu ni lawama, ati tumemtupa. Basi mimi na Musa tukaamua kwenda kumwona. Musa ni mtoto wa mjini, amezaliwa karibu na msikiti wa Kitale, babu yake alikuja na biashara ya nguo asirudi alikotoka, na wakati huo alikuwa amenunua gari lake la kwanza, ila alijua kuliendesha mpaka sokoni na kurudi tu. Kwa hiyo gari lake, dereva mimi.

Kama ningefunga mdomo hapo, safari ingekuwa safari. Lakini nilimpigia Nekesa, msichana niliyetaka kumwoa, aliyekuwa anafanya kazi hukohuko Nairobi, akaniambia mama yake anataka kwenda kumwona na atapanda basi wiki inayofuata. Mimi nikasema, "Basi ya nini na mimi nakuja?"

Nekesa akauliza, "Wewe na mama, gari moja?"

"Tutaweka leso katikati," nikasema.

Kwa asiyetujua, kwetu Wabukusu mkwe hampi mama mkwe mkono, hamtazami usoni, hali mbele yake, na wakikutana njiani kila mmoja anatafuta kichaka chake. Nilikuwa nimefika kwao Matulo mara mbili na mpaka siku hiyo sikuujua uso wa yule mama; nilijua sauti yake tu kutoka jikoni. Na sauti hiyo ndiyo niliyoiogopa, kwa sababu mwezi uliofuata wazee wa pande mbili walikuwa wakutane kuzungumza habari za ndoa, na Nekesa alikuwa ameninong'oneza kwamba baba amekubali ila mama bado. Mama alikuwa amesikia kwamba kichwa changu ni chepesi, ati niliwahi kwenda sokoni kwa baiskeli nikarudi kwa miguu bila kukumbuka baiskeli (ni kweli, lakini ilikuwa mara moja). Sasa unaona hesabu yangu. Nikimfikisha mama huyu Nairobi salama salimini, nani tena atasema mimi ni msahaulifu?

Tukatoka Kitale alfajiri, na kulipokucha tukawa Matulo. Nikageuka nikatazama shamba la mahindi la jirani kwa heshima zote huku Musa akimpakia mama kiti cha nyuma, pamoja na mkoba wake, debe la karanga na jogoo mwekundu ndani ya kikapu, zawadi za Nekesa. Leso tayari ilikuwa imefungwa kama pazia nyuma ya viti vyetu, toka mlango mpaka mlango. Hata kile kioo cha ndani cha kutazamia nyuma nilikikunja kikatazama dari, nisije nikamwona kwa bahati mbaya. Musa alitazama yote hayo akatikisa kichwa. Ndiye angekuwa mdomo wetu. Mama anamwambia yeye, yeye ananiambia mimi.

"Mwambie huyo mtoto wa watu aendeshe pore pore," ikaja sauti nyuma ya leso.

"Anasema uende polepole," Musa akasema.

"Mwambie nimesikia."

"Amesikia, mama."

Kufika Webuye Musa amechoka kuwa mkalimani wa watu wawili wanaosikilizana vizuri kabisa. Akatunga sheria. "Mama, ukitaka tusimame gonga debe mara moja. Ukitaka twende, gonga mbili. Mimi nalala, bana." Na akalala kweli. Mpango ulifanya kazi vizuri mno; kupita Eldoret mama aligonga moja, tukasimama, mimi na Musa tukaenda mbali na gari tukageuza migongo kama walinzi, akamaliza shughuli zake, akarudi, ko ko, tukaondoka. Nilijiona dereva wa mheshimiwa.

Nakuru tukaingia petroli stesheni. Musa akaenda kuswali adhuhuri na kutafuta mandazi, mimi nikasimama mbele ya gari nikiwa nimeligeuzia mgongo, nikihesabu malori. Musa akarudi, tukaingia, tukatulia. Kimya. Halafu, ko ko.

Nikawasha gari tukaenda.

Wakati tunatoka nilimwona kwenye kioo cha pembeni mwanamke mwenye kitambaa cha njano kichwani anakimbia akitupungia mkono. Mwanamke mwenye nguvu zake, anakimbia vizuri. Nikamwambia Musa, "Watu wa Nakuru wanajua biashara, ona huyo mama anavyotufukuza na karoti zake." Musa hata hakugeuka, mdomo umejaa mandazi.

Kuanzia hapo safari ikabadilika. Hatujafika mbali, ko. Nikasimama, tukashuka, tukageuza migongo, tukangoja. Tukarudi, ko ko, twende. Kabla ya Gilgil, ko tena. Karibu na Naivasha, ko. Nikaanza kumhurumia. Nikamwambia Musa mama tumbo limemsumbua na hawezi kusema, hebu tumpe kitu kikavu, tukanunua biskuti, Musa akasukuma pakiti iliyofunguliwa chini ya leso, akageuka upesi (na yeye heshima ilikuwa imeshamwingia). Punde tukasikia zinaliwa. Nilifurahi, siwezi kuficha. Nikajisemea, mama mkwe anakula chakula kutoka mkononi mwangu.

Simu yake nayo ikawa inalia ndani ya mkoba, wimbo wa kanisa, inalia inakatika, inalia inakatika. Hakuipokea hata mara moja.

"Mbona hashiki?" Musa akauliza.

"Hawezi kuongea na simu mbele ya mkwe," nikasema. "Hiyo ndiyo heshima. Nyinyi watu wa mjini hamjui."

Tulipoanza kupanda kuelekea Limuru nikaona hii ndiyo nafasi yangu, maana nilikuwa nimeendesha siku nzima bila kosa. Nikapaza sauti, nikimwambia Musa maneno ambayo hayakuwa ya Musa. "Musa, mwambie mama najua amesikia kwamba mimi ni mtu wa kusahau. Mwambie ya baiskeli ni kweli, nilikuwa mdogo." (Nilikuwa na miaka ishirini na tatu.) "Lakini leo si amejionea mwenyewe? Ukinipa kitu nikifikishe, mimi nakifikisha. Mwambie nampenda Nekesa, na nikimchukua sitamwacha njiani hata siku moja."

Nilikuwa karibu kulia, jamani. Musa akafungua mdomo ayarudie neno kwa neno, lakini kabla hajaanza tukasikia nyuma ya leso, polepole, ko ko.

"Bana," Musa akasema, akaniwekea mkono begani, "mama amekubali."

Umoja tulifika saa kumi na moja jioni. Barasa alikuwa amewaambia majirani wote kwamba anapata wageni na mama mkwe wa watu, kwa hiyo uani kulikuwa na viti, kulikuwa na chai, kulikuwa na akina mama sita hivi wa kwetu waliopanga vyumba kwenye plot hiyo, na Nekesa katikati yao amevaa vizuri. Wakapiga vigelegele. Mimi nikashuka, nikasonga kando, nikageuka nikatazama ukuta kama inavyotakiwa, na kifua nimekitoa mbele.

Nikasikia mlango wa nyuma unafunguliwa. Vigelegele vikakatika vyote kwa pamoja.

"Simiyu," Nekesa akasema. "Mama ako wapi?"

"Si yuko hapo ndani," nikauambia ukuta.

"Hii ni jogoo."

Nikageuka. Siku hiyo ndiyo mara ya kwanza nilivunja mila. Jogoo alikuwa ametoka kwenye kikapu, amekaa kwenye kiti katikati kabisa, makombo ya biskuti yametapakaa kila mahali, na mbele ya watu wote akainama akalidonoa debe la karanga mara mbili. Musa akakaa chini pale pale kwenye vumbi. Ndipo yule mwanamke wa kitambaa cha njano akanirudia akilini, mbio zake zote.

Simu ikalia tena ndani ya mkoba. Nekesa akaitoa, akasikiliza, akasema "Mama?", halafu akatueleza yote. Mama alikuwa Nakuru, kwenye simu ya kulipia. Alipotaka kwenda choo Musa hakuwepo, na hangeweza kuniambia mimi habari za choo, wala kugonga debe gari likiwa tayari limesimama, basi aliteremka kimyakimya mimi nikihesabu malori. Namba za watu wote zilikuwa ndani ya simu yake. Namba pekee aliyoijua kwa kichwa ni ya simu hiyohiyo. Mchana kutwa amekuwa akijipigia mwenyewe.

Nikasema naenda kumchukua sasa hivi. Nekesa akaniambia, "Amesema wewe usiguse gari." Mama akapanda basi, wahudumu wa stesheni wakimsaidia nauli, akafika salama bila mkwe wala leso. Nekesa alikaa siku nzima iliyofuata bila kunisemesha, na hilo liliniuma kuliko kicheko cha plot nzima, ambayo kwa siku zote tatu tulizokaa kwa Barasa ilinisalimia, "Niaje, dereva wa jogoo." Nilirudi Kitale nikijua nimemkosa. Wiki tatu sikulala vizuri.

Wazee walikutana Matulo kama ilivyopangwa; nadhani walikuja wengi kwa sababu walitaka kuniona. Mazungumzo yakaenda, baba akasema yake, wajomba wakasema yao, kisha mzee mmoja akauliza mama mwenye mtoto anasemaje. Mama alikuwa jikoni kama kawaida, nyuma ya ukuta. Kimya. Nilitazama vidole vyangu vya miguu. Baba mtu akakohoa.

Halafu kwenye ubao wa dirisha la jikoni, ko ko.

Nyumba nzima ikaangua kicheko, wazee wakawa wanafuta machozi, Nekesa naye nilimsikia akicheka hukohuko jikoni, mara ya kwanza tangu Umoja. Wajomba zangu wakaniambia nisimame nishukuru. Mimi sikusimama. Nikamwinamia Musa sikioni nikamwambia aende kwanza jikoni, akaangalie kwa macho yake, ahakikishe ni mama.

Musa akaenda, akarudi. Ni mama. Nikasimama.

Nekesa ni mke wangu sasa, na mama mkwe hajawahi kupanda gari ninaloendesha mimi. Nami tangu siku ile siondoi gari, hata la kwenda dukani, mpaka kila aliye nyuma ameniitikia kwa jina lake. Na kuku wanasafiri kwenye buti.