Gesi ya Jikoni Ndani ya Klima

Mimi na mume wa dada yangu tulifanya kazi katika uwanja mmoja pale Mulongwe, kando ya ziwa, kwa miaka mingi, na miaka miwili ya mwisho hatukuwa tukisalimiana. Yeye alikuwa fundi wa injini. Mimi nilikuwa, na bado niko, fundi wa klima, yaani viyoyozi vya magari. Katikati yetu alisimamisha ukuta wa mabati, akipigilia misumari huku ananitazama usoni, kwa sababu nilimwambia mbele ya mteja kwamba kompresa ameifunga vibaya. Siku hiyo alinijibu kwamba yeye ndiye aliyenitoa kijijini Runingu nikiwa sijui hata kufungua gurudumu, na kwamba hakuniita mjini nije kumsahihisha. Na Runingu alinitoa kweli. Tangu hapo, nikihitaji kitu cha upande wake nilimtuma dada yangu, naye akawa anapeleka maneno yetu kwa sura ya mtu aliyebebeshwa takataka.

Asubuhi moja ya kiangazi akaja Mama Prefe, mkuu wa shule moja ya sekondari. Aliubamiza mlango wa gari kwa nguvu.

"Minye nilikosea kumupa shemeji yako hii gari," alisema. "Klima ilikuwa haipige baridi, akaitengeneza juma mbili zilizopita. Baridi iko. Lakini iko inanuka. Kichwa inaniuma mpaka naogopa kuendesha."

Nilifurahi. Sitaficha hilo. Kabla sijagusa chochote nilikuwa nimeshafurahi kwamba kosa lilikuwa la yule wa upande wa pili.

Nilianza na mambo madogo. Kichujio cha hewa kilikuwa kimejaa vumbi la barabara ya Sange, nikakitoa. Radiata ya klima, ile inayokaa mbele ya radiata ya injini, nayo ilikuwa imezibwa na matope makavu. Lakini uchafu hauumizi kichwa. Nikafungua kifuniko cha bomba ili nifunge manometa ya kupimia gesi, gesi kidogo ikapuliza, na harufu ikanipiga puani. Gesi ya klima hainuki vile. Ilikuwa ile ya kupikia, ya kwenye chupa.

Nikaingiza kichwa ndani ya gari. Harufu ilikuwepo na huko, chini ya dashibodi. Maana yake bomba lilikuwa linavuja ndani, mahali watu wanapokaa, na cheche moja ya waya ingetosha.

"Mama, unapanda hii gari na nani?"

"Na bajukuu yangu wawili. Kila siku nabapeleka ku masomo."

Nilitoa ufunguo, nikafungua milango yote minne. Hatua chache kutoka pale kulikuwa na mama anayekaanga ndagala, dagaa wa ziwani, juu ya mbabula ya makaa. Nilimwomba azime moto.

"Gari yako njo inazima moto yangu?" alisema.

"Mwaga maji, mama. Nakuomba."

Akamwaga, huku ananitukana kwa Kifuliiru, akidhani sisikii.

Hapo ningeweza kuzunguka ukuta na kumwita shemeji pembeni, watu wawili tu, tukazungumza. Sikuzunguka. Nilipiga kelele juu ya mabati ili uwanja mzima usikie.

"Kuja! Kuja uone kile umefanya! Unataka kuchoma batoto ya batu!"

Alikuja haraka, na sigara mdomoni. Nilimpiga kibao cha mdomo, sigara ikaruka, nikaikanyaga. Yeye aliona kibao tu. Alinishika shati, tukaangukia kwenye oili, akaninyang'anya manometa na kuikata mipira yake kwa kuivuta. Wanaume wanne walitutenganisha. Nikiwa bado nahema, niliwaambia watu wote kwamba ameweka gesi ya jikoni ndani ya klima.

Alinitazama kwanza kama mtu asiyeelewa. Kisha akasema, "Lakini ni weye ulinifundisha."

Ilikuwa kweli. Zamani, kabla ya ukuta, mpaka wa Burundi ulipofungwa na gesi ya klima ikakosekana mjini, mimi ndiye niliyesema tujaribu. Yeye alishika chupa, mimi nikafunga mpira. Gari lilipoa vizuri, tukacheka. Baadaye, nilipokwenda Bujumbura, fundi mmoja mzee alinieleza kwamba ile ni kubeba moto ndani ya gari. Niliacha siku hiyohiyo. Lakini wakati huo mabati yalikuwa yameshasimama, na nilijiambia kwamba asiyenisalimia hanihusu. Sikumwambia kamwe.

"Mwongo," nilisema. "Sijawahi kufanya vile."

Mama Prefe alitutazama sote wawili, kisha akamgeukia yeye. "Bajukuu yangu, weye muntu!" Shemeji akarudi upande wake akipangusa midomo.

Lile gari mimi na wale wanaume tulilisukuma kwa mikono mpaka mahali pa wazi, mbali na nyumba. Nikafunga mpira mrefu nikaiacha gesi itoke polepole, nikasubiri mpaka upepo wa ziwa umeondoa harufu yote. Nilitoa bomba la ndani, nikaona tundu dogo kama la sindano. Niliweka lingine, nikanyonya hewa kwa pampu, nikajaza gesi ya kweli. Kazi ya siku tatu, na niliifanya vizuri. Mama Prefe akanisifu shuleni na kanisani, na kila aliponisifu mimi alimtaja na shemeji kwa ubaya.

Haukupita muda mrefu, hakuna tena aliyempelekea gari. Aling'oa mabati yake mwenyewe, akayapakia kwenye kamyo pamoja na masufuria ya dada yangu, wakahamia Sange. Kabla ya kupanda, dada alinivuta kando.

"Ananiambia ni weye ulimuonyesha. Niambie minye peke yangu. Ni weye?"

"Hapana," nilisema. Hata yeye nilimdanganya.

Uongo ule nilikaa nao mwaka mzima. Jumapili moja nilikwenda Sange. Nilimkuta shemeji chini ya minibasi, dada akapika wali, tukakaa. Nikasema mbele yao, "Ni minye nilimuonyesha."

Dada aliichukua sahani yangu kabla sijamaliza, akaingia nayo ndani, hakutoka tena.

"Minye nilikuwa najua," shemeji alisema. "Sisi wote hapa tulikuwa tunajua. Enda umwambie ule mama."

Jumatatu nilisimama mlangoni kwa Mama Prefe nikamwambia yote. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikaribisha ndani.

"Na mu gari yangu," aliuliza, "minye nitajuaje kile uliweka?"

"Niliweka ile ya kweli, mama."

"Hata siku ile ulisema hujawahi kufanya vile, na sauti hiyo hiyo."

Juma lile alilipeleka gari Bujumbura, wakafungua klima yake na kuipima. Walikuta ni gesi ya kweli. Nilisikia kwa watu. Yeye hakuniambia, na hajarudi.