Mistari Saba ya Mama Faida

Huko katika mji wa Baraka, ng'ambo ya ziwa ukitokea Tanzania, kwenye barabara inayotoka sokoni kuelekea ziwani, Kulthumu Ramazani ana kibanda cha mabati chenye meza mbili, printa moja na sola juu ya paa. Watu humwita Mama Faida, kwa jina la binti yake wa kwanza. Kazi yake ni kupiga chapa barua za watu, kutoa fotokopi na kuchapisha picha za vitambulisho. Hiyo ni kazi. Mapenzi yake ni kitu kingine: programu ndogo ndogo za kompyuta.

Hazungumzii zile kubwa zinazoifanya kompyuta iheme. Anapenda zile ambazo ukiziweka kwenye flashi hazichukui hata nafasi ya picha moja ya arusi. Alikuwa na moja ya kupunguza uzito wa picha, moja ya kubadili majina ya mafaili mia mbili kwa mkupuo, na moja ambayo kazi yake yote ilikuwa kukuonyesha herufi zipi za kibodi zimekufa. Zote alizipanga kwenye flashi nyekundu aliyoivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Mteja akija kuchapisha barua ya kuomba kazi, alitoka na barua yake pamoja na programu tatu ambazo hakuziomba.

Kompyuta alijifunzia Tanzania, kambini, miaka ile ya ukimbizi. Darasa lilikuwa na kompyuta sita na wanafunzi arobaini, kila mtu dakika kumi na tano, na kipanya kilikuwa kikigombaniwa kama ugali wa watoto. Kulthumu aliwaachia kipanya chao, akajifunza kufanya kila kitu kwa vidole juu ya kibodi. Aliporudi Baraka, mwanamke mwenye mtoto mgongoni, alikuwa anaweza kufungua, kuhamisha na kufunga mambo kabla mwenzake hajakipata hata kile kishale kwenye kioo.

Basi mwaka mmoja ikaingia virusi iliyosumbua Baraka nzima. Ulichomeka flashi, ukakuta folda zako zote zimegeuka njia za mkato za uongo. Ukibofya hupati kitu, na kompyuta nayo inaambukizwa. Kiongozi wa kwaya alidhani amepoteza nyimbo za miaka minne. Arlette, mshonaji wa jirani, alikuja kibandani amejishika kichwa kwa sababu ya picha za mitindo ya nguo mia nne. Watu walikuwa wanafuta flashi zao na kuanza upya, jambo lililomuuma Kulthumu kama vile wanatupa chakula.

Maana yeye aliangalia uzito wa flashi ya Arlette, akaona haukupungua. Vitu vilikuwa mle mle. Vilikuwa vimefichwa tu.

Alikaa siku mbili akisoma maelezo ya amri za dirisha jeusi, lile ambalo kompyuta huamriwa kwa maandishi, yale ambayo watu huyapita. Siku ya tatu alifungua daftari la kompyuta, akaandika mistari saba. Mistari ilifuta njia za mkato za uongo, ikayaambia mafaili yajitokeze, na mwisho ikaandika kwenye kioo: *Batoto bote banarudi nyumbani.* Aliichomeka flashi ya Arlette, akabonyeza. Picha mia nne zikaanza kujitokeza safu kwa safu, magauni ya kola, ya mabega, ya arusi. Arlette akaangua kicheko. Kulthumu naye akacheka, kisha akayaficha mafaili tena kwa makusudi ili ayaone yakirudi. Wakafanya hivyo mara tano, wateja wakisubiri nje.

Tangu siku hiyo mistari saba ilitoka kibandani na kwenda ilikotaka. Mwenye mtumbwi wa injini aliipeleka Ubwari, ng'ambo ya maji, kwenye flashi ya muziki. Dereva wa pikipiki aliipeleka kaskazini. Kulthumu hakuandika jina lake juu yake, kwa sababu haikumjia akilini kwamba kitu kidogo vile kingehitaji jina.

Miezi mitatu baadaye mfanyabiashara mmoja kutoka Nundu, upande wa kaskazini, alikuja kuchapisha karatasi. Kulthumu alichomeka flashi yake, akaiona programu yake mwenyewe imekaa mle. Aliifungua kama mtu anayemkuta mwanawe sokoni. Haikuwa mistari saba tena, ilikuwa tisa. Kwanza iliuliza: *Flashi yako iko na herufi gani?* Halafu ikafanya kazi, ikaandika batoto bote banarudi nyumbani, na chini yake, kwa herufi kubwa: *BWANA YESU ASIFIWE.*

Kulthumu, ambaye hajawahi kuiacha swala ya adhuhuri ipite, alibaki anaangalia kioo. Kwanza alikasirika. Kisha akausoma tena ule mstari wa kuuliza herufi, na hasira ikamwisha. Kompyuta huipa kila flashi herufi yake, na programu yake ilikuwa inafanya kazi kwenye herufi moja tu. Flashi ikipewa herufi nyingine, haioni kitu. Miezi mitatu hakuliwaza hilo. Mtu fulani aliliwaza, akalitatua kwa mstari mmoja safi, bila neno la ziada. Alianza kucheka peke yake, mfanyabiashara akamwuliza kama karatasi zake zina kosa.

Mfanyabiashara alisema programu alipewa na mwalimu Gisaro, anayefundisha hesabu Nundu. Kulthumu aliomba namba, akapiga pale pale.

"Ni weye ulitia ile mustari ya herufi?" aliuliza, kabla hata ya salamu.

"Ni mimi, mama. Unisamehe. Sikujua iko na mwenyewe."

"Ni muzuri sana," alisema Kulthumu. "Nimekupigia kukuambia ni muzuri sana."

Gisaro alikuwa mtoto wa wafugaji wa milimani, shemasi wa kanisa, mwanamume mrefu wa maneno machache. Programu kwake zilikuwa jambo la pembeni. Yeye alipenda vyuma. Alifungua laptopu kwa kisu alichokinoa mwenyewe mpaka kikawa bisibisi, na alikuwa anaweza kusikiliza feni na kusema inaumwa nini, kama baba yake alivyosikiliza kikohozi cha ng'ombe. Walianza kupeana mashauri kwenye simu. Kulthumu alimtumia programu ya kupima joto la kompyuta. Gisaro alimweleza jinsi ya kusafisha meno ya chuma ya kile kipande cha kumbukumbu ya kompyuta kwa kifutio cha penseli, na kompyuta ya pili ya Kulthumu, iliyokuwa imelala tangu Pasaka, ikaamka. Wakaunda kundi la WhatsApp, wakafika watu kumi na mmoja, Waislamu wa ziwani, watu wa milimani, muuguzi mmoja, mafundi wa redio wawili. Humo hawakuongea chochote isipokuwa mashine.

Ugomvi mkubwa wa kundi ulikuwa juu ya dawa ya meno. Gisaro aliandika kwamba ile dawa nyeupe inayopakwa kati ya ubongo wa kompyuta na chuma cha kuupoza ikikauka, na huna nyingine, dawa ya meno inaweza kukushikia siku chache. Kulthumu alijibu kwamba dawa ya meno ni ya meno. Walibishana siku mbili, kundi likagawanyika nusu kwa nusu.

Ikafika mwisho wa mwaka wa shule. Asubuhi, siku moja kabla ya kutangaza matokeo, Gisaro alipanda pikipiki kutoka Nundu na kuteremka mbele ya kibanda, vumbi mpaka kwenye kope, laptopu ya shule imefungwa kifuani kwa kitenge kama mtoto. Alieleza kwa ufupi. Alama za wanafunzi mia tatu na kumi na wawili zilikuwa kwenye flashi, na flashi haikuonyesha kitu. Mistari tisa haikusaidia. Programu inayotengeneza karatasi za matokeo, ile wanayoiita ya bultini, ilikuwa kwenye laptopu ile peke yake, nayo laptopu ilikuwa inazimika kila baada ya dakika sita.

"Mukubwa wa shule anajua?" aliuliza Kulthumu.

"Nilimuambia narudi leo na bultini zote."

"Na alisema nini?"

"Alisema bazazi beshatayarisha unga ya kumwagia batoto benye bamefaulu."

Kulthumu alifunga mlango nusu, akaandika kwenye karatasi kwamba kazi nyingine zirudi kesho, akachomeka flashi kwenye mashine yake. Uzito ulikuwepo. Aliendesha mistari tisa, Bwana akasifiwa, wala hakuna kilichorudi. Akaingia dirisha jeusi na kuomba orodha ya kila kitu, cha wazi na cha siri. Katikati ya orodha kulikuwa na mstari usio na kitu. Aliupita mara mbili. Mara ya tatu akasimama.

Ilikuwa folda ambayo jina lake lilikuwa nafasi tupu. Virusi mpya ilikuwa imevifagilia vitu vyote humo ndani. Akaanza kupiga miguu chini ya meza kama msichana. Aliandika mstari mmoja wa kuipa folda ile jina, na wa pili wa kuvitoa vitu vyake nje. Akabonyeza. Darasa la kwanza likajitokeza, la pili, la tatu, mpaka la sita.

"Bamerudi," alisema.

Gisaro alikuwa amekwisha kuifungua laptopu. Skrubu zote alizipanga kwenye kifuniko cha sufuria jinsi alivyozitoa. Alitoa kwenye feni tambi ya vumbi nene kama utambi wa taa. Halafu akainua chuma cha kupoza, wakaona wote wawili: dawa ilikuwa imekauka, imepasuka kama matope ya kiangazi. Gisaro aliisugua mpaka ikatoka. Kisha akakaa, mikono magotini, akiangalia chini.

Baraka nzima hakuna duka lililouza dawa ile, na wote wawili walilijua hilo. Hatimaye Kulthumu aliinuka, akapita uani, akarudi na dawa yake ya meno, akaiweka mbele ya mwalimu.

"Kidogo tu," alisema. "Na kwenye kundi usiandike."

Gisaro alicheka mara ya kwanza tangu afike, kicheko kirefu kisicholingana na ushemasi wake. Alipaka kiasi cha punje ya mchele, akafunga. Laptopu ikawaka. Kulthumu aliweka ile programu ya kupima joto, wakaikodolea macho. Dakika sita zikapita, kumi, ishirini. Joto lilipanda, likasita, likatulia. Chumba kilinuka mnanaa, na printa ikaanza kutema karatasi.

Walichapisha mchana kutwa. Arlette alikuja kukunja, akaweka kila darasa na uzi wake wa rangi. Wino ulipoanza kufifia, Kulthumu alikumbuka kuna programu moja ndogo kwenye flashi nyekundu ya kupunguza wino bila herufi kupotea, na alivyokuwa akiitafuta, alikuwa akimweleza Gisaro faida zake zote kana kwamba anamwuzia. Kabla jua halijashuka, karatasi mia tatu na kumi na mbili zilikuwa ndani ya katoni, na mwalimu akapanda pikipiki. Alipokuwa anaondoka alimwambia Kulthumu kwamba kesho lazima aje shuleni.

Akaenda. Uwanja wa shule ulijaa. Mkuu wa shule, Madame Espérance, alisoma majina darasa kwa darasa, na kila jina liliposomwa bamama walikimbia mbele na unga wa muhogo na poda ya mtoto kummwagia aliyefaulu. Wimbo ulianza kona moja ukaishia kona nyingine. Darasa la tano lilipomalizika, Madame Espérance aliinua mkono, akaeleza kwamba jana alama hizi zote zilikuwa zimepotea, na kwamba yupo mama kutoka Baraka aliyezirudisha. Alimwomba asimame. Kulthumu alisimama akifikiri atapungia mkono tu na kukaa. Mama mmoja asiyemjua alimfikia kwanza, akammwagia unga bakuli zima kichwani, juu ya ushungi wake wa bluu. Wengine wakafuata. Alipofumbua macho alimwona Gisaro mbali, ameegemea nguzo, mweupe kuanzia nywele mpaka viatu, machozi ya kicheko yamechora mistari mashavuni.

Baada ya hapo hakuna aliyemwacha aende. Alikalishwa kwenye dawati chini ya veranda, na walimu wakamzunguka na flashi zao, na wazazi waliokuwa na flashi, na mmoja aliyekuwa hana flashi lakini alitaka kuona. Aliiendesha mistari mara kumi na nane.

Kwenye veranda ile ndipo ilipoanza Jumamosi ya mashine, ya kwanza ya kila mwezi, mara Nundu mara Baraka. Kila anayekuja lazima alete kitu kimoja, programu au ufundi wa mkono, na aondoke na kimoja. Wa Ubwari huja na mtumbwi wa asubuhi, laptopu zimefungwa kwenye mifuko mitatu ya plastiki.

Mwezi uliopita alikuja Mugwaneza, mkunga kutoka vijiji vya juu ya Nundu, mama mnyamavu aliyekaa nyuma mpaka zamu yake. Alisema yeye hana kitu cha maana, ameandika kidogo tu kwa ajili ya kazi yake. Ilikuwa mistari minne. Ukiiandikia jina la mama mjamzito na tarehe ya hedhi yake ya mwisho, inakupa tarehe ya kujifungua, na ikibaki wiki mbili inaita jina la mama yule kwenye kioo kila unapowasha kompyuta. Kulthumu aliisoma, akaisoma tena. Aliomba kuinakili kwenye karatasi kwa mkono, kwa kalamu, ili aone ilivyofikiriwa.

Aliporudi Baraka siku ile, nyuma ya pikipiki, karatasi alikuwa ameishika mbele ya uso wake, akiruka na kila shimo. Dereva alimsikia akicheka peke yake, akapunguza mwendo, akamwuliza kama yuko salama.

"Niko salama, mutoto yangu," alisema. "Endesha tu. Ni mustari ya tatu, ile inaita jina ya mama. Sijui aliiwaza namna gani."