Jeki Iliyofungiwa Stoo

Uvumilivu uliniisha pale dereva aliponiambia jeki ipo, ila ipo stoo ya shule.

Nilikuwa nimesimama kwenye udongo mweusi wa barabara ya kutokea Dutumi, umelowa mvua ya jana yake, na jua la saa nane linanichoma kisogoni. Gari la shule limelalia upande mmoja kama kuku mgonjwa, tairi la nyuma halina hata pumzi. Ndani wamo watoto kumi na mmoja, wamekaa humo tangu saa sita na nusu bila tone la maji. Mmoja wao ni Rahma wangu. Ana miaka sita na ana seli mundu. Shule nzima inajua kwamba mtoto huyu akikaa kwenye joto bila kunywa maji, viungo vinamuuma mpaka anapiga mayowe. Nilimkuta vidole vimevimba. Hata kulia alikuwa ameacha.

"Dogo, kwa nini jeki iwe stoo na wewe uko huku?"

"Madamu, mkuu wetu wa shule, ndiye anayefungia, mama Rahma. Na spana ya magurudumu. Anasema zikikaa kwenye gari zinaibwa."

"Tairi la akiba?"

"Tulilitoa. Lilikuwa linabana nafasi ya spika."

Nikachungulia nyuma. Kweli bwana, spika mbili, kila moja inamzidi mwanangu kimo.

"Ila fundi nimeshamtumia video," akaongeza, anipoze. "Tangu saa saba. Ameiona, tiki ziko za bluu kabisa."

Niliyomwambia baada ya hapo siyaandiki. Watoto walikuwa wanasikiliza.

Nataka niwaeleze kwa nini nilikasirika vile. Mimi ni mtoto wa dereva. Wenzangu mliokulia Kisarawe, ndani ndani kule Mzenga, kabla bodaboda hazijafika kila kitongoji, mnalijua Landrova la baba yangu, lile la kijani lililokuwa likikohoa kabla halijawaka. Lilibeba mihogo, korosho, wagonjwa, maharusi, na walimu wanaofuata mishahara. Mvua za masika zikianza, njia yote ni mabonde na telezi, na baba hakuwahi kuondoka bila kusoma sanduku.

Ndivyo tulivyoita, kusoma sanduku. Alfajiri abiria wamejaa uwanjani kwetu, wengine wameketi juu ya magunia yao, mama anawauzia chai na mihogo ya kuchemsha. Baba anatandika turubai chini, anafungua sanduku lake la mbao, na harufu inatoka ambayo mpaka leo nikipita gereji inanirudisha pale: grisi, mpira wa zamani na sabuni ya mche. Anatoa kitu kimoja kimoja, anakiinua juu, anakitaja. Abiria wanaitikia.

"Jeki?"

"Ipo!"

"Ubao wa jeki?"

"Upo!"

Ubao, kwa mliokulia lami, unawekwa chini ya jeki ili isizame kwenye tope. Ilifuata spana ya magurudumu, pampu ya mguu, viraka na gundi, tyubu kuukuu iliyokatwa mikanda ya kufungia bomba likipasuka, waya, koleo, nyundo, mkanda wa feni wa akiba, jembe, panga, mnyororo. Dumu mbili za maji, moja ya rejeta na moja ya watu, na ole wako uzichanganye. Kina mama walikuwa wakali kuliko baba. Bi Chausiku, aliyekuwa akipeleka mananasi mjini, hakuinua mguu kupanda mpaka asikie kitu cha mwisho.

"Hujataja sabuni," anamkatisha.

"Ipo, bibi, nilikuwa naifikia."

"Ifikie niione."

Wanacheka, lakini baba anaitoa, anamwonyesha.

Ile sabuni mimi niliidhani ya kunawia, mpaka siku jiwe lilipotoboa tangi la mafuta tukiwa tumempakia mtoto wa jirani anayechemka homa. Nilikuwa nimelala mapajani mwa mama yake. Mafuta yanachuruzika chini, watu wameshika vichwa. Baba alikata kipande cha mche, akakikanda kwa vidole mpaka kikawa laini, akaingia chini ya gari, akaziba tundu. Akatoka amejaa tope hadi kwenye nyusi, akasema, "Haya, pandeni, msimwangalie mtoto kama maiti." Tulifika. Yule mtoto leo ni fundi seremala, ana kitambi.

Sisi watoto tulicheza hayo hayo. Magari yetu yalikuwa makopo ya mafuta ya kupikia, magurudumu ya kandambili zilizokatika. Kila gari lazima liwe na kiberiti kitupu ndani, ndilo sanduku, mna mwiba wa mlimao, kamba ya mgomba na kijiti. Asiye na kiberiti haruhusiwi kuvuka dimbwi. Wanangu wa leo wana gari la plastiki linalowaka taa na kuimba kizungu. Likiharibika wananiletea, wanasema, "Mama, nunua lingine."

Siku moja niliuchukua ule ubao wa jeki nikamfanyia mwanasesere wangu kitanda. Alfajiri yake baba akaita, "Ubao wa jeki?" na hakuna aliyeitikia. Kuna bwana alikuwa anawahi msiba, akasema, "Twende tu, Baba Zawadi, barabara kavu leo." Baba akamwambia, "Tukikwama bonde la pili, wewe ndiye utakayelala chini ya jeki?" Gari zima likasubiri. Nilipoona mama ameanza kupekua hadi chini ya vitanda, nikautoa mwenyewe huku nikilia.

Hakunipiga. Ilikuwa heri anipige. Alinisimamisha mbele ya abiria wote, na kamasi zangu, akaniambia niwaeleze. Nikasema, "Nimeuchukua mimi, nimewachelewesha." Bi Chausiku akaniangalia akasema, "Mtoto huyu alitaka tukalale na fisi." Kisha baba akasema maneno ambayo nayasikia hadi leo: "Hawa watu wamenipa roho zao nizibebe. Ukitoa kitu kwenye sanduku, umetoa kwao." Nilikuwa na miaka saba. Nilielewa siku ile ile.

Sasa niambieni, mtu mzima mwenye cheti ukutani na funguo shingoni anashindwaje kuelewa?

Siku ile ya Dutumi nilimpakia Rahma kwenye bodaboda ya jirani yetu, Baba Shabani, aliyekuwa amenileta, nikambana katikati yetu, tukakimbia hospitali. Njia nzima anasema, "Mama, miguu." Alilazwa siku nne na dripu. Baba Shabani alirudi kule na jeki aliyoazima kwenye lori la mchanga. Jeki ikazama. Wakaenda kung'oa mlango wa choo cha mtu wakaweka chini yake, gari likainuka, ndipo wakagutukia jambo: tairi la kufunga liko wapi? Watoto wa wenzangu waliteremshwa wakatembea kwa miguu hadi lami. Yule dereva akaweka picha ya safari hiyo kwenye status ya simu yake na kile kikatuni cha kucheka hadi machozi.

Vijana wa leo wana kila kitu. Mtu yuko porini na anaonekana na ulimwengu mzima, ila nati tano zimemshinda. Baba yangu hakuwa na wa kumpigia, kwa hiyo alibeba. Nikikumbuka ule uwanja wetu alfajiri, watu wote wale wakiitikia, sioni umaskini. Naona watu waliokuwa na haki ya kuuliza, na mtu aliyeona ni wajibu wake kujibu. Mimi nimejaza fomu nne shuleni, nimetia sahihi kila mahali, na hakuna hata siku moja niliyofunguliwa mlango wa nyuma wa lile gari.

Rahma alipotoka hospitali nilikwenda kwa Madamu. Alinikaribisha kiti, akaniita "mzazi mwenzangu," akasema ilikuwa ajali kama ajali nyingine, tumshukuru Mungu. Nikamwambia Mungu namshukuru, yeye bado. Kisha nikaenda kupiga chapa barua hii. Nimeipeleka kwa mkono kwa mwenye shule, nakala ofisi ya elimu ya kata na kamati ya wazazi, zote zimegongwa muhuri wa kupokelewa:

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA UONGOZI WA SHULE KUHUSU GARI LA WANAFUNZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mzazi wa Rahma, darasa la kwanza. Jumanne ya wiki mbili zilizopita gari lenu lilipata pancha likiwa na watoto kumi na mmoja. Halikuwa na jeki, spana ya magurudumu, tairi la akiba wala maji ya kunywa. Mwanangu, ambaye ugonjwa wake niliwaandikia siku ya kumsajili, alilazwa siku nne. Cheti cha hospitali nimeambatanisha.

Vifaa hivyo havikupotea wala kuibwa. Tairi lilitolewa kupisha spika, na jeki na spana mlizifungia stoo kwa amri yenu. Nalalamikia amri hiyo, na aliyeitoa, kwa cheo chake. Dereva msimfanye kisingizio. Ana makosa yake, lakini funguo hakuwa nazo.

Naomba vifaa virudishwe kwenye gari na mzazi yeyote aruhusiwe kuvikagua asubuhi kabla gari halijaondoka, bila kuomba ruhusa. Naomba pia aliyefungia stoo awaite wazazi wa watoto wale kumi na mmoja, asimame mbele yao, aseme kwa mdomo wake mwenyewe kwamba ni yeye.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mama Rahma.