Ufunguo wa Mkatale Ulikuwa Mfukoni Mwangu

Nimekosa, na nilitaka kulifukia kosa lenyewe. Naandika bila jina kwa sababu dada yangu husoma ukurasa huu.

Kanisa tunamosali hapa Richfield, ughaibuni, zamani lilikuwa likiandaa gulio la kuigiza Ulaya ya enzi za kati, mambo ya wafalme na mapanga. Mwaka huu tuliamua kulifufua ili tuchangie paa. Mimi nikapewa mkatale: mbao mbili zenye matundu, unabanwa shingo na mikono, kisha kufuli. Watu wanalipa ufungwe, wanalipa tena ufunguliwe.

Wa kwanza kujitolea alikuwa shemeji, mume wa dada. Ana kisukari. Nilipokuwa nafunga kufuli akaninong'oneza, "Usikawie bana. Nisha-inject insulin na sijakula lunch."

"Dakika tano tu, shemeji."

Peja yangu, kile kidude cha kuniita kazini, ikalia. Nyumba ya wazee ninakofanya kazi, kule Inver Grove Heights, ilipungukiwa na mtu, na malipo yalikuwa ya ovataimu. Tamaa ikanishika. Nikaingia garini bado nimevaa joho langu la kuigiza mnyongaji, nikaenda.

Nilikuwa namgeuza mzee mmoja kitandani kitu kiliponichoma pajani. Ufunguo. Mimi ninayewapima wazee sukari kila siku, ninayejua sindano bila chakula inavyoishusha!

Sikumbuki nilivyoendesha. Nilikuta mkatale umepasuliwa kwa shoka na ambulensi imeshaondoka na shemeji, amezimia. Watu walikuwa wanaulizana ufunguo umeangukia wapi. Nikainama kando ya dada, aliyekuwa akingoja gari la kumfuata mumewe, nikajifanya kuutafuta nyasini pamoja nao.

Hospitalini, dada alipotoka kutafuta chai, shemeji alinitazama.

"Nilikuita jina," akasema polepole. "Crowd ikadhani na-act. Wakanipigia makofi."

Hakuuliza habari za ufunguo. Mpaka leo hajauliza, na sijui anajua nini. Dada akipiga simu naiacha ilie. Jumapili wakinikuta kanisani na kunialika chakula nakosa pa kukwepea; shemeji ananipakulia nyama kwa mkono wake na mimi naisukuma kando ya sahani. Naogopa siku atakapofungua mdomo, na naogopa zaidi asipoufungua.

Wenzangu, mtu akikwambia hali yake kisha akakuachia maisha yake mkononi, usiondoke hapo, hata kazini wakuite vipi. Na ukikosa, sema siku hiyohiyo, kabla hujaanza kuigiza.

Dada, kama umesoma hadi hapa, ni mimi. Ulipoinama kando yangu tukautafuta nyasini, nilikuwa nao.