Sakafu ya Breki

Jina la Breki mwanamke huyu alilipata akijifunza udereva. Kila kuku alipokatiza barabara, yeye alikanyaga breki kwa nguvu zote, na mwalimu wake akagonga kioo kwa paji la uso. Baadaye aliendesha malori ya mizigo miaka mingi, akapita kwenye milima na matope ambayo madereva wengi waliyakwepa, lakini jina lilikuwa limeshaganda.

Siku moja ya mvua akateleza kwenye ngazi ya lori, akashuka chini kama gunia, nyonga ikavunjika. Hospitali walimuunga, ila wakamwambia malori basi. Akarudi nyumbani na fimbo mkononi, akakuta mambo yake yameshaamuliwa. Alipokuwa wodini ndugu walikaa kikao, na asiyekuwapo na lake halipo. Mdogo wake wa kiume, mtu mwenye sauti ya mwenyekiti hata anapoomba chumvi, alikuwa amepitisha kwamba pikapu ya dada yake iuzwe, na gereji iliyo ubavuni mwa nyumba igeuzwe chumba cha mpangaji.

"Tunakupunguzia mzigo, dada," alimwambia.

"Nani alikwambia unanielemea?"

"Kwa mguu huo utaendesha nini?"

"Daktari kakataza malori. Pikapu hakuitaja."

Mdogo mtu hakubishana. Alimchukua dada yake mpaka gereji, akawasha taa, akanyoosha kidole chini. "Hata sakafu yenyewe imeshakuchoka. Tazama."

Kusema kweli, ilitia aibu. Ilikuwa ni plasta nyembamba iliyopakwa juu ya udongo, nyeusi kwa oili, yenye nyufa ambamo siafu walikuwa wamefungua mji. Mara ya mwisho Breki alipoinua pikapu, jeki ilizama upande mmoja na gari likaegemea ukuta kama mlevi. Alizichokoa nyufa kwa ncha ya fimbo, kipande kikabanduka.

"Umesema kweli, mdogo wangu. Hii haifai," alisema. Ndugu yake akaanza kutabasamu. "Nitaweka nyingine."

Wiki ile ile akamchukua binti yake, mshonaji wa nguo, wakaenda duka la vifaa vya ujenzi. Binti alikuwa upande wa mama yake, ila kwa hofu. Macho yake yalinasa kwenye vigae vya kung'aa, na muuzaji akamwona.

"Hivi ndivyo wanavyoweka wenye majumba yao," muuzaji alisema. "Gari likilala hapa, unafikiri liko hotelini."

Breki alichukua kigae kimoja. "Nikikidondoshea spana ya magurudumu?"

"Mama, nani anadondosha spana nyumbani?"

"Mimi."

"Ukivunja umenunua."

Akakilipia kwanza, kisha akakilaza chini nje ya mlango, akaomba spana na kuiachia kutoka kiunoni. Kigae kikawa vipande vya kuchezea watoto. Binti alifunika mdomo kuzuia kicheko, muuzaji akaenda kutafuta ufagio.

Ilibaki rangi nzito ya sakafu, ile inayokauka kama gamba. Fundi waliyemwita nyumbani alichuchumaa gereji, akapapasa plasta, akanusa vidole vyake.

"Rangi ni nzuri, mama, lakini inataka pa kushika. Hapa chini pana unyevu na oili. Ukipaka, itabanduka. Ni kupaka poda juu ya kidonda."

"Basi tuondoe kidonda."

Wakavunja yote. Wakachimba udongo uliokunywa oili, wakashindilia mpya, wakamwaga kokoto, wakatandika karatasi nzito ya nailoni kuzuia unyevu wa ardhini, na juu yake wavu wa chuma. Walibishana jambo moja tu. Fundi alitaka kumalizia kwa mwiko mpaka zege ling'ae, maana ndiyo sifa yake mtaani. Breki alikataa.

"Pitisha ufagio juu yake kabla halijakauka, liwe na mikwaruzo."

"Watu watasema sijui kazi."

"Watu hawatembei na fimbo. Mimi sitavunja nyonga ya pili ili wewe usifiwe."

Fundi alinung'unika, kisha akakubali.

Siku ya kumwaga zege, pikapu ilikuwa nje juani na mashine ya kuchanganyia inanguruma, ndipo mdogo wake akatokea na mgeni, mfugaji wa kuku aliyetafuta gari la kubebea matenga.

"Dada, huyu bwana amekuja kuona gari."

"Aone. Kuona si kununua," Breki alijibu bila kugeuka.

Asubuhi hiyo kibarua mmoja hakufika, na zege halimsubiri mtu. Fundi alishika ncha moja ya ubao wa kusawazishia, ncha ya pili haikuwa na mtu. Breki akaweka fimbo chini na kujaribu kupiga goti. Nyonga ikagoma. Akauma midomo, akajaribu tena, jasho likamtiririka shingoni. Binti yake akatupa kandambili na kukimbilia kwake, lakini mfugaji alikuwa ameshakunja suruali.

"Nipishe, mama. Niambie tu nivute vipi."

"Taratibu, kuelekea mlangoni. Maji yatoke nje, yasirudi ukutani."

Yule ndugu alibaki amesimama na viatu vyake vilivyopigwa rangi. "Bwana, tulikuja kwa ajili ya gari," alimkumbusha.

Mfugaji aliendelea kuvuta ubao. "Gari gani? Mtu anayemwaga zege la namna hii anauza gari? Wewe umeniita kwenye biashara isiyokuwepo."

"Dada, unanidhalilisha mbele ya watu."

"Mimi niko kwenye gereji yangu," Breki alisema. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mliniuza ningali kitandani, sikuwepo kusema lolote kwa sababu nilikuwa naumwa. Sasa siumwi kiasi hicho."

Mdogo wake akaondoka bila kuaga. Mfugaji alibaki mpaka ufagio ulipopita, akanawa, akaomba namba ya fundi kwa ajili ya banda lake la kuku.

Zege lilifunikwa magunia, na Breki akalinywesha maji asubuhi na jioni, akiburuta mpira kwa mkono mmoja na fimbo kwa mwingine. Binti alipotaka kumpokea, alimkatalia. Mguu ulimuuma usiku, na hakumficha mtu kwamba unauma. Lilipokomaa aliingiza pikapu mwenyewe, akaweka jeki, akainua. Haikuzama. Akavuta kiti kifupi na kuanza kufungua gurudumu lililomsumbua tangu kabla ya hospitali.

Simu ikaita. Alikuwa mdogo wake, sauti ya mwenyekiti imepungua kidogo.

"Nasikia umeweka sakafu ya kiwanda. Familia bado haijaridhia, dada."

"Njoo unisalimie siku yoyote, chai ipo," Breki alisema, akiibana simu kwa bega. "Lakini ukija na mnunuzi mwingine, yeye nitamkaribisha ndani. Wewe utabaki nje."

Akakata, akamwomba binti yake amsogezee taa.