Mti Uliochunwa Pande Zote

Juzi, kwenye dirisha la dispensari ya Kasongo, mama mmoja wa Lusangi aliyekuwa mbele yangu alimwonyesha muuguzi mguu wa bintiye. Kidonda kilikuwa kimepona kwa maganda ya mti ulio nyuma ya dispensari.

"Muganga muzungu ametuma maganda Ulaya wayapime," muuguzi alisema. "Tumeuchuna muti wote, kuzunguka."

"Pande zote?" mama akanong'ona. "Sisi tunachuna upande mumoja, halafu tunapaka udongo. Kidonda cha mutoto iko mu muti ule. Ukikauka, kinarudi."

Muuguzi akacheka. "Muti hauna kinyongo, mama."

Mtoto akainama, akakuna kovu. Likatoa maji.

Mimi nimesoma, habari za vijidudu nazijua. Lakini wanangu pia waliponywa na mti ule. Nilipotoka nilimkuta mama kule nyuma akiukandika mti udongo, nikatua kikapu, nikamsaidia.